Mwaka ambao mama mkubwa hakupuliza salfa

Swali lenu la wiki hii, kwa nini Wakristo wanavutwa na vitu vinavyokaa mahali pa Injili, limenikaa rohoni tangu Jumapili. Mi ni mzee wa kanisa huku wilaya ya Masasi, na nilivyolisoma jibu nilikuwa nalo tayari: watu hawasomi Neno, wanataka miujiza ya haraka, matapeli wanawaokota. Ila hao Wakristo wote siwajui, namjua mama yangu mkubwa, basi acheni nijibu la kwake.

Msimu ule alikuja mhubiri mmoja, spika usiku kucha, anauza mafuta ya upako na chumvi. Ilikuwa mwezi wa sita unaisha, mikorosho inaanza kutoa maua, na huku kwetu kila mtu anajua huo ndo wakati wa kuhangaikia salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, usipopuliza ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unashika maua yanakuwa kama yamemwagiwa majivu, yanakauka, huokoti kitu. Hela ya salfa mama mkubwa alikuwa nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Akaenda nayo mkutanoni akarudi na chupa mbili na kifuko cha chumvi. Asubuhi majirani wanapuliza umande haujakauka, yeye anapita mkorosho kwa mkorosho anapaka mafuta kwenye shina kwa kidole, anamwaga chumvi chini, anasali kwa sauti, na mikorosho yake ni arobaini na kitu, jua likamkuta hajafika nusu. Nilipita na baiskeli nikasimama nikamwangalia. Nilikuwa nawahi kikao cha kamati ya ujenzi. Sikusema kitu, nikaondoka, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko mafuta yenyewe.

Mwezi wa kumi wenzake wanapeleka magunia ya korosho AMCOS, chama chetu cha ushirika, wanasubiri mnada, yeye kapata debe moja na nusu.

Ndo nikaenda kumsema sasa. Nikamwambia mama, hata Paulo aliwashangaa Wagalatia walivyohamia upesi injili nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, yule mtu alikaa kwenye mkeka huu akaniuliza mume wangu alikufaje. Nyie mkija mnakuja na daftari." Daftari la michango. Na kweli siku ile nilikuwa nalo.

Sasa mi nasema hivi, na najua wapo wazee wenzangu hawatapenda. Masasi Injili ililetwa 1876, Askofu Steere alikuja na watu waliotolewa utumwani, na watu wale habari njema walikuwa wanaielewa mwilini kabisa: umeshakombolewa, hudaiwi. Tangu lini sisi wajukuu tumeanza kumwendea mjane kama anadaiwa? Mtu akishazoea kwamba kwa Mungu kila kitu kina bei, akija mwenye chupa anamwona ni yule yule, tena huyu anampa kitu cha kushika mkononi. 2011 watu walikesha barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa cha shilingi 500, na aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mtu wa ndani kabisa. Hata yule nyoka wa shaba Mungu mwenyewe ndo alimwagiza Musa amtengeneze, baadaye watu wakawa wanamfukizia uvumba mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande. Kanisa letu jipya la bati nalipenda sana, nimelibebea tofali, lakini nimeanza kuliogopa kidogo.

Simtetei muuza mafuta, msinielewe vibaya. Alichukua hela ya mjane akijua ubwiri hauogopi chumvi, na kule Moshi mwanzoni mwa 2020 watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Ule ni uongo na nitausema madhabahuni. Wala sisemi michango ifutwe, padri lazima ale. Ila mkiniuliza nani alianza kumwondoa mama mkubwa kwenye Injili, siwezi tena kumtaja yule wa spika peke yake.

Mwaka huu salfa yake nimenunua mimi na napuliza mwenyewe. Mafuta bado anapaka, anaanza yeye ndo napita na mashine. Sijamkataza. Kama nafasi ni ndogo kateni hayo ya Samunge na Moshi, ila ya mkeka na daftari iacheni kama ilivyo.