Kabla ya Kununua Nguo za Kazini, Uliza, Kisha Mtafute Fundi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, shikamoo. Nimepata kazi ya ofisini, naanza mwezi ujao. Nguo zangu nyingi ni jinzi na fulana, na hela ya kujaza kabati sina. Nivae nini?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake halijanitoka kichwani. Najua jambo ambalo yeye bado hajakutana nalo: ofisi nyingi zina sheria ya mavazi isiyoandikwa popote, na utaambiwa kwamba ipo siku utakapoivunja.

Mimi niliambiwa mbele za watu. Nilikuwa bado mgeni kazini, tunajiandaa kwenda kwa mteja. Kazi ya kuwasilisha nilikuwa nimeiandaa mimi, majedwali yote nimeyapanga mimi. Nilivaa blauzi nyepesi, sketi nyeusi ya kupita magoti na viatu vya chini. Safi, zimenyooshwa vizuri. Bosi akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Wewe leo baki. Tutakupigia tukikwama." Akamchukua mwenzangu ambaye faili lenyewe hakuwahi kulifungua. Mchana ndipo mwenzetu mmoja akaninong'oneza kwamba pale kwa mteja hakwendwi bila koti. Barua yangu ya ajira ilisema "vazi la heshima", basi, hakuna zaidi. Sikuwa na kosa, nilinyimwa habari. Mpaka leo nikilikumbuka lile "tutakupigia tukikwama", moyo unaniuma.

Sasa ni mimi ninayekwenda kwa wateja. Wiki iliyopita nimekabidhiwa wale wakubwa kabisa, na nasema hivyo kwa fahari kwa sababu nimekitolea jasho cheo hiki. Kwa hiyo nisikilizeni.

Uliza kabla hujaanza. Mwandikie ofisa utumishi maswali mawili: siku za kawaida watu huvaaje, na siku za wageni je? Swali la pili ndilo lenye uzito, na ndilo watu hulisahau. Ukienda kwenye usaili, angalia wanaopita kwenye korido, usimwangalie mtu wa mapokezi peke yake, maana mara nyingi yeye ana sare.

Ukishajua, usikimbilie bei. Nguo ya bei kubwa isiyokukaa itakuaibisha kuliko ya mtumba iliyopita kwa fundi. Koti langu la kwanza lilikuwa la mtumba, kubwa kiunoni, mikono inafika vidoleni. Nililipeleka kwa fundi, mzee mmoja mkimya. Akalibana mgongoni kwa pini, akarudi nyuma kulitazama, akaniambia, "Mwanangu, kiuno nitakibana, mikono nitaipunguza. Una bahati bega limekukaa. Bega lingepwaya ningekurudishia." Sababu yake ni kwamba kurekebisha bega ni karibu sawa na kulifumua koti lote. Tangu hapo kitu cha kwanza ninachotazama dukani ni mshono wa bega: unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukitaka uhakika, simama ubavu kwa ukuta. Pamba ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Lirudishe.

Mikono ya koti iishie kwenye kifundo, shati lichungulie kama sentimita 1. Suruali, geuza pindo uone limebakiza kitambaa kiasi gani ndani, maana fundi hawezi kurefusha kisichokuwepo. Koti jipya huja na uzi wa alama ya X kwenye mpasuo wa nyuma, na wakati mwingine na lebo juu ya mkono. Vyote ni vya kukata. Nimewaona wakubwa wazima wakipita navyo mbele ya wageni, na hakuna wa kuwaambia! Kaka zangu, kifungo cha chini cha koti hakifungwi, na ncha ya tai iguse bizimu ya mkanda. Dada zangu, usiijaribu sketi ukiwa umesimama tu. Keti, inama, nyanyua mikono. Ofisini mtu hushinda amekaa.

Kitambaa soma kwenye lebo ya ndani. Polista haijikunji upesi lakini haivuti jasho, na joto likiwa kali utalijua. Pamba huvuta jasho ila hujikunja. Sufu nyepesi ukiitundika usiku, mikunjo mingi huachia yenyewe. Suruali nyeusi ipige pasi upande wa ndani, au weka kitambaa juu yake. Ukiipiga moja kwa moja itaanza kung'aa magotini na makalioni, na mng'ao ule hautoki kirahisi.

Kuhusu wingi, usijitese. Suruali au sketi mbili za rangi iliyokolea, blauzi au mashati machache, koti moja. Watu hawakumbuki sketi uliyorudia. Wanaona kisigino kilicholika upande mmoja na kola iliyochujuka. Viatu kavinunue alasiri, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kisha vivae nyumbani kwanza kabla ya kuvianzisha kazini.

Na nyie mnaoajiri, suala hili ni lenu kuliko letu. Mwaka 2015 mjini London mfanyakazi wa mapokezi alirudishwa nyumbani siku yake ya kwanza, bila malipo, kwa sababu viatu vyake havikuwa na kisigino kirefu. Ombi lake la kutaka sheria ibadilishwe lilipata saini zaidi ya 150,000, na mwaka 2017 Bunge la Uingereza likalijadili. Yule alipata wa kumsikiliza. Wengi tunabaki mezani tukiitazama simu isiyopigwa. Andikeni mistari mitatu: siku za kawaida, siku za wageni, na kisichoruhusiwa kabisa. Mpeni mtu pamoja na barua ya ajira, apate muda wa kwenda kwa fundi.