Swali la lugha: Kilichoboreshwa ni programu au kompyuta?

Swali: Nafundisha ufundi wa elektroniki. Katika maelezo ya somo nimeandika: “U-Boot ni programu ya kuwasha kompyuta ndogo iliyoboreshwa.” Mwenzangu anasema sentensi haieleweki. Kasoro iko wapi?

Jibu: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi, na kasoro kubwa iko mwishoni. “Programu” na “kompyuta” zote ni za ngeli ya I-/ZI-, kwa hiyo “iliyoboreshwa” inapatana na zote mbili, na mwanafunzi hajui kilichoboreshwa ni kipi. Ungeandika “kifaa” badala ya “kompyuta”, ngeli ingekuokoa: “programu ya kuwasha kifaa iliyoboreshwa” ina maana moja tu, maana kifaa kingedai “kilichoboreshwa”. Hapa upatanisho hausaidii, basi tegemea mpangilio. Lisogeze neno likae jirani na nomino yake: “programu iliyoboreshwa ya…”. Wengine huchomeka koma kabla ya “iliyoboreshwa”. Haitoshi, kwa sababu darasani maelezo husomwa kwa sauti na koma haisikiki.

Kisha “kuwasha”. Anayewasha ni mtu mwenye swichi. U-Boot inapoanza kazi, bodi, yaani ubao wa saketi wa kompyuta hiyo, imeshapata umeme. Kwenye bodi nyingi, programu fupi iliyomo ndani ya chipu huwa imeshasoma kipande cha kwanza cha U-Boot, kiitwacho SPL, na kukiweka kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani. SPL huandaa RAM (kumbukumbu kuu) na kupakia U-Boot kamili, nayo hupakia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kuikabidhi kazi. Huko ni kuanzisha. Na kwa kuwa programu ni chombo cha kufanyia kazi hiyo, mimi napenda kauli ya kutendea: “kuanzishia”, kama kisu cha kukatia na ufunguo wa kufungulia. “Ya kuanzisha” si kosa, ila “ya kuanzishia” inaonyesha wazi kwamba tunataja chombo.

Hata hivyo, kwa fundi “iliyoboreshwa” ni neno pana mno. Taja kilichofanyika. Labda umepunguza muda ambao U-Boot husubiri mtu abonyeze kitufe. Labda umetumia njia ya Falcon, ambapo SPL huiruka U-Boot kamili na kupakia kerneli moja kwa moja. Kwa mfano: “U-Boot ni programu ya kuanzishia kompyuta ndogo; katika toleo hili tumepunguza muda wa kusubiri kutoka sekunde 2 hadi 0.” Hapo “iliyoboreshwa” haihitajiki tena.