Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Kibao cha Duka Lako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mchoraji wa vibao wa hapo Nakuru amekosea alipoandika 'stationary', kwa herufi a, juu ya mlango wa duka lako, na kama yuko mteja atakayetambua. Amekosea. Neno hilo husemwa juu ya kitu kilichosimama tuli, mathalani lori lililokwama pale Mau Summit. 'Stationery', kwa e, ndiyo madaftari, bahasha, wino na vyote ulivyovipanga rafuni. Hiyo e inatoka kwa muuzaji mwenyewe: Waingereza humwita 'stationer', na bidhaa zake zikafuata jina lake.

Hata hivyo, naona jambo lenyewe ni kubwa kuliko herufi. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Katika Ulaya ya kale, bidhaa nyingi ziliuzwa na wachuuzi wa kutembea, lakini muuza vitabu, hasa aliyekuwa karibu na vyuo vikuu, alikuwa na mahali pake pa kudumu, na kwa Kilatini akaitwa 'stationarius', yaani mwenye kituo. Huko London wenye kazi hiyo walipewa hati ya kifalme ya chama chao mwaka 1557. Muuza karatasi, basi, ni mtu aliyetulia, na ndivyo nilivyowaambia tangu mkiwa wadogo: mteja humrudia yule anayejua pa kumkuta. Ndiyo maana nilikataa katakata kuzungusha bahasha stendi ya mabasi mwaka ule biashara ilipolala, ijapokuwa baba yako alininunia.

Unaukumbuka ule muhuri wa mbao mliokuwa mkiuchezea? Fundi aliuchonga kwa a ilhali nilikuwa nimemwandikia e, nami nikaugonga kwenye karatasi zangu kwa kuwa zabuni ya shule moja ilikuwa inafungwa alasiri hiyo hiyo. Karani aliusoma kwa sauti mbele ya wauzaji wenzangu, kisha akaniuliza kama duka langu limekwama barabarani. Walicheka wote, hata yule wa Kibuye aliyekuwa akichukua wino kwangu kwa mkopo. Bei zilipotangazwa, yangu ndiyo iliyokuwa ya chini kabisa, na kazi akapewa mwingine.

Kuna siku hujiambia kwamba karani yule alikuwa na haki, kwa maana anayewauzia watoto kamusi hana budi kuandika sawasawa jina la anachokiuza. Halafu najiuliza ni daftari gani lililopungukiwa kurasa kwa sababu ya herufi moja, na hasira inanipanda upya. Mimi na nafsi yangu hatujapatana juu ya hilo, wala sidhani tutapatana.

Sasa unataka nikuambie ukifute kibao au ukiache. Duka ni lako, kodi ya nyumba unailipa wewe, na niliahidi kutowaamulia watoto wangu waliokwisha kuwa watu wazima, ingawa leo ahadi hiyo inaniwia nzito mno. Nitasema hili tu: ukiamua kukibadilisha, itafute kwanza karatasi uliyomwandikia mchoraji, na ikiwa e inaonekana wazi, asikutoze hata shilingi moja ya rangi.

Mama yako,
Kisumu