Tuko marafiki sita, tunataka kuigiza maisha yetu

SWALI: Shikamoo kaka. Tuko marafiki sita hapa Morogoro, mmoja anachora, wawili wanapiga muziki, mmoja mshairi, mimi na mwenzangu tunaigiza jukwaani. Tunataka kutengeneza muvi ya kundi kama letu ila hela hatuna, skripti hatuna, mwenzetu anasema tuwashe tu kamera tupige stori kama tuko kijiweni, itatoka yenyewe. Kweli itatoka? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umenikumbusha Shadows ya John Cassavetes, mwongozaji wa Marekani, muvi ya New York ninayoipenda mno. Ndani yake kuna ndugu watatu na washikaji wao, Hugh anaimba kwenye vilabu, Ben anapiga tarumbeta, mdogo wao Lelia anajaribu kuandika hadithi. Ilizaliwa kwenye darasa la uigizaji alilokuwa analiendesha Cassavetes, hela akaenda kuziomba redioni usiku, wasikilizaji wakamtumia, wakashuti kwa kamera ndogo ya filamu ya milimita 16.

Sasa mwisho wa muvi wameandika kwamba yote uliyoyaona yamebuniwa papo hapo, na hapo ndo wengi wanapopotea kama huyo mwenzenu. Toleo la kwanza lilionyeshwa 1958 na Cassavetes mwenyewe hakuridhika nalo, 1959 akawarudisha waigizaji wakashuti upya vipande vingi, na safari hii sehemu kubwa ilikuwa imeandikwa! Hilo ndo tunalolitazama leo, na lilipata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, 1960.

Kuna kipande sikisahau. Lelia ni mweupe kiasi kwamba huwezi kumtofautisha na mzungu, na Tony, kijana wa kizungu, kampenda. Tony yuko nyumbani kwa kina Lelia, mara anaingia Hugh, kaka mtu, mweusi. Mtazame Tony usoni hapo, hatukani mtu, hapigi hotuba, anaanza tu kutafuta sababu ya kuondoka na wote mle ndani wanajua kwa nini.

Stori za kijiweni hazina kitu kama hicho mdogo wangu, kijiweni kila mtu anataka kuchekesha tu na baada ya dakika tano anayetazama kachoka. Kaeni kwanza mjue nani anamficha nini nani, labda mshairi kapata kazi Dar na hajawaambia wenzake, labda mchoraji kauza picha waliyochora wawili, halafu fanyeni mazoezi hata mwezi mzima bila kamera, maneno yataota humo humo.

Mkishuti mara ya kwanza waonyesheni watu wasiowajua kabisa, msiwaonyeshe ndugu zenu, na muwe mmeshatenga siku za kurudia. Simu moja iwe ya kurekodi sauti tu, ikae karibu na anayeongea, maana picha ikitikisika mtu atavumilia ila asiposikia anachoambiwa anazima.