Taa imezima, imezimika au imezimwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza ufundi wa umeme wa magari hapa Malindi. Kwenye karatasi ya kazi niliandika "taa ya breki imezima", bosi wangu akasema hicho si Kiswahili. Mbona gereji nzima twasema hivyo?

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Katika maongezi hakuna atakayekushangaa. "Simu imezima" na "taa imezima" zimeenea pwani na bara. Ila katika maandishi namuunga mkono bosi wako, na sababu yangu inahusu hasa hiyo kazi unayojifunza.

Kitenzi waka hakimtaki mtendaji: taa yawaka. Ukimtaka, wasema washa. Zima ni kinyume chake, tangu mzizini kinadai mtu na kitu anachokizima. Ndiyo maana "taa imezima" humwacha msomaji akingoja: imezima nini? Ukieleza hali tu, andika imezimika. Ukijua kuna kilichoizima, andika imezimwa.

Zamani tofauti hiyo haikumsumbua fundi. Umeme ulitoka kwenye betri, ukapita fyuzi, ukapita swichi au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ukafika kwenye globu. Fyuzi ikikatika, taa imezimika, basi. Katika magari mengi ya sasa swichi ya dereva haipitishi umeme wa taa. Hupeleka ujumbe tu kwa kompyuta ya bodi, mara nyingi kupitia nyaya mbili zilizosokotwa za CAN, mtandao ambao kompyuta za gari hupashana habari, uliotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986. Kompyuta ndiyo inayofungulia taa umeme kwa transista (swichi ya kielektroniki), tena huku ikipima mkondo unaokwenda. Globu ya breki ya wati 21 kwenye volti 12 hula kama ampea 1.75. Waya ukipiga shoti, yaani umeme ukapita njia ya mkato bila kufika kwenye globu, mkondo ukapanda, umeme hukatwa mara moja, mara nyingi kabla fyuzi haijaungua. Globu ni nzima, fyuzi ni nzima, na taa haiwaki. Hapo imezimwa, na aliyeizima ni kompyuta. Hiyo w moja yamwambia fundi mwenzako atafute shoti, asimuuzie mteja globu asiyoihitaji.

Wako wasemao "imejizima". Siipendi hapa, kwani yaifanya taa ndiyo iliyoamua. Lakini gari lenye sensa ya mwanga likiwasha taa magharibi inapoingia, "gari limewasha taa lenyewe" ni sahihi kabisa.

Jihadhari pia na globu za LED. Hula mkondo mdogo, kwa hiyo kompyuta yaweza kudhani globu imeungua na kuwasha onyo kwenye dashibodi ilhali taa yenyewe yawaka. Usiandike imezimika, wala imeungua. Andika ulichokiona: "Onyo la globu linawaka, taa ya breki yawaka, imefungwa LED."

Na karatasi yako ile, kama ulipima ukakuta shoti, ningeiandika hivi: "Taa ya breki imezimwa na kompyuta, globu nzima, waya una shoti."