Jenereta ya trekta ni nzuri kwa kazi, si kwa kuwashia taa

Mvua za Novemba zikishaanza huku Mufindi, Iringa, na umeme kuanza kukatika, wakulima wenzangu huniuliza swali lile lile: "Trekta langu limeegeshwa tu hapo nje, kwa nini nikanunue jenereta yenye injini yake?" Huna haja. Zipo jenereta zinazouzwa bila injini. Ni kichwa cha kuzalishia umeme, giaboksi na shafti ya meno unayoichomeka kwenye PTO, ile ncha ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, pale pale unapofunga mashine ya kupukuchulia mahindi. Ninayo ya KVA 20 (KVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) na ninaiendesha kwa Massey Ferguson 375. Nina ng'ombe wa maziwa, kuku na kisima, na kwa matumizi hayo nimeshajua inafaa wapi na wapi haifai. Kwa kazi nzito za saa mbili tatu ni mashine ya uhakika. Kwa kuwasha taa na televisheni usiku kucha ni kuchoma dizeli bure.

Nianze na mafuta, maana ndiyo yanayowakimbiza watu. PTO ya kawaida inatakiwa izunguke mara 540 kwa dakika. Ili ifike hapo, injini lazima uipandishe na uiache hapo hapo, uwe umewasha balbu moja au umewasha shamba zima. Trekta langu hunywa lita 3 hadi 4 kwa saa hata kama halijabebeshwa kitu cha maana. Ukilibebesha pampu, friza na tangi la kupoozea maziwa kwa pamoja, matumizi yanaongezeka kidogo tu, kwa hiyo kila lita inakuwa imefanya kazi. Kuna na jambo la afya ya injini: injini ya dizeli inayozunguka kwa muda mrefu bila mzigo haipati joto la kutosha, haichomi mafuta yote, na ukichungulia bomba la moshi utakuta masizi yenye unyevunyevu wa oili.

Kwa hiyo utaratibu wa hapa nyumbani ni huu. Umeme ukikatika jioni, taa na simu zinahudumiwa na sola ndogo iliyoko juu ya bati. Friza haifunguliwi. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hutunza barafu yake kama saa 48, friji ya kawaida kama saa 4 tu. Alfajiri tukishakamua ndipo trekta linawashwa: maziwa yapoe yafike nyuzi 4, simtanki ijae, friza na friji zipate baridi tena, na mwenye pasi apige pasi. Tukizima, siku imeshakaa sawa.

Tuliopitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 tunakumbuka hali ilivyokuwa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na bwawa zima limejengwa kwa megawati 2,115. Ila umeme kuwepo kwenye gridi ni jambo moja, kufika Mufindi vijijini katikati ya mvua ni jingine. Radi inapiga, mti unalalia waya, nguzo inaanguka. Na nguzo zenyewe ni za mikaratusi iliyopandwa na kuchomwa dawa hapa hapa kwetu! Ndiyo maana sijauza jenereta yangu.

Kuchagua ukubwa kunawachanganya wengi kwa sababu muuzaji anataja KVA na trekta linatajwa kwa hosipawa. Chukua KVA, zidisha kwa 0.8, unapata kilowati. Kila kilowati itafutie hosipawa 2 kwenye PTO. KVA 20 ni kilowati 16, kwa hiyo zinatakiwa hosipawa 32 na kuendelea. Trekta la 75 linaimudu bila jasho, lakini katrekta kadogo ka hosipawa 25 hapo litapumulia mdomoni.

Halafu piga hesabu ya mota, kwa sababu ndizo zinazoangusha jenereta. Pampu ya hosipawa 3 ikishazunguka hula zaidi ya kilowati 2.2, lakini pale inapoanza huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Utasikia trekta linaguna na moshi mweusi unatoka, kisha linakaa sawa. Likiguna halafu likashindwa kuinuka, zima mara moja, usisubiri mota iungue. Mota kubwa iwashwe kwanza, vidogo vifuate.

Mtego mwingine ni wa njia moja (single phase) na njia tatu (three phase). Jenereta ya njia tatu ya KVA 20 inagawa nguvu hiyo mara tatu. Nyumba yako ikiwa ya njia moja, ukajishikiza kwenye njia moja ya jenereta, una KVA 6 na ushee tu. Mtu ananunua mashine kubwa, anafika nyumbani, pampu haianzi, anasema ameuziwa feki. Hajauziwa feki. Kama nyumba ni ya njia moja, nunua jenereta ya njia moja, basi.

Ukinunua ya mtumba iliyotoka Marekani, soma kibati chake kwa makini. Kule umeme ni hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde, huku ni 50. Zile zimetengenezwa zizunguke 1,800 kwa dakika ndani wakati za kwetu ni 1,500, na volti zake mara nyingi ni 120 na 240. Ukiipunguza mwendo ili upate hezi 50, na volti zinaporomoka. Mimi siigusi, hata iwe kwa bei ya kutupa.

Mwendo ndio roho ya mashine hii. Jenereta yenye injini yake ina kidhibiti kilichopangwa kiwandani. Hapa kidhibiti ni mkono wako kwenye akseleta ya mkono. PTO ikizunguka 540, unapata hezi 50. Ikishuka hadi 500, umeshakuwa kwenye 46, na kompresa ya friji inaanza kulalamika. Matrekta mengi yana alama ya 540 kwenye geji ya mizunguko, lakini geji za matrekta yetu ya zamani zinadanganya. Nunua kipimo cha volti na hezi ukifunge kwenye boksi la jenereta, ukifuate hicho. Mimi huacha isome hezi 51 na nusu au 52 kabla ya kubeba mzigo, kwa sababu mzigo ukiingia trekta linashuka kidogo lenyewe na kutua karibu na 50. Na hakikisha shafti ni ya mizunguko 540, yenye meno 6. Yenye meno 21 ni ya 1,000, usijaribu kuilazimisha kwa kubadilisha kipande cha mbele tu.

Sasa jambo ambalo silifanyii mzaha. Kuna watu wanatengeneza waya wenye plagi mbili za kiume, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima inawaka. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Umeme wako wa volti 230 ukirudi kwenye laini unapanda juu ya nguzo ukiwa volti 11,000 au 33,000, na pale juu kuna kijana wa watu anaunga waya akijua laini imezimwa. Unamuua. Na laini ikirudi wakati jenereta yako inazunguka, zinagongana, na shafti au giaboksi ndiyo inayolipa. Kuteremsha men swichi "kwa kukumbuka" si ulinzi, kwa sababu siku moja atawasha mtoto au mgeni.

Dawa ni chenjiova, ile swichi yenye nafasi ya moja, sifuri na mbili, isiyoweza kushika pande zote kwa wakati mmoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni, baada ya mita ya LUKU na kabla ya men swichi, na ikate waya wa nyutro pia, si wa moto peke yake. Mwambie fundi asisahau eathi: fimbo ya shaba ardhini karibu na pale trekta linapokaa, na nyutro ya jenereta iunganishwe nayo, la sivyo kile kikata-umeme kinachotakiwa kukuokoa ukipigwa shoti hakitashtuka. Waya kutoka jenereta hadi nyumbani usibanie. Kilowati 12 kwa njia moja ni ampia zaidi ya 50, na nimeona watu wanapitisha hizo kwenye waya wa milimita 4.

Shafti ya PTO nayo inataka heshima yake. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde. Pindo la kanga likiguswa na krosi, kile kiungo cha shafti, huna muda wa kuvuta pumzi. Kile kifuniko cha plastiki cha shafti, ambacho kwenye matrekta mengi kimeshavunjika na kutupwa, kinunue upya, na mnyororo wake ufungwe ili chenyewe kisizunguke. Hapa kwangu nimezungushia uzio wa mabanzi, maana akina mama wanaokuja kuchukua maziwa asubuhi hupita karibu na watoto mgongoni. Hakuna anayeruka shafti, awe nani.

Trekta likae nje, mbali na madirisha, moshi ukipeperushwa na upepo kwenda upande usio na nyumba. Gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa, magogo kwenye matairi. Jenereta ifungwe kwa bolti au ikae kwenye mikono ya trekta iliyoshushwa, kwa sababu mzigo ukiingia ghafla inataka kupinduka. Shafti iwe imenyooka kadiri inavyowezekana. Ingiza PTO injini ikiwa kwenye mwendo wa chini, pandisha polepole hadi 540, soma volti, ndipo ugeuze chenjiova. Wakati wa kuzima toa mizigo kwanza, rudisha chenjiova, iache izunguke tupu dakika chache, kisha ndipo ushushe mwendo. Kuzima injini huku mizigo iko ndani ni kuzitesa mota kwa volti zinazokufa. Na rejeta ya trekta ipulizwe makapi kabla, kwa sababu hapo limesimama, halina upepo wa kutembea.

Mwenye mashine ya kusaga ananiuliza kama jenereta hii itaendesha mota yake ya hosipawa 20. Kuizungusha huenda ikaweza, kuianzisha ndiyo kazi. Lakini kwa nini ugeuze nguvu ya trekta kuwa umeme, halafu umeme urudi kuwa mzunguko, huku karibu robo ikipotelea njiani? Tafuta puli na mkanda, kinu kizungushwe na PTO moja kwa moja.

Kiangazi, umeme unapokuwa mzuri, jenereta hukaa miezi bila kuguswa. Panya hupenda nyaya zake, na sumaku ndogo inayobaki ndani ya chuma hufifia. Unawasha, inazunguka vizuri, volti hakuna. Iendeshe nusu saa kila mwezi ikiwa na mzigo, na krosi uzipige grisi siku hiyo hiyo. Ikishagoma, angalia brashi za kaboni kwanza, kisha mwite fundi aitie sumaku kwa betri ya volti 12, akiwa ameshachomoa nyaya za AVR, kile kifaa kinachodhibiti volti. Asipozichomoa, andaa na hela ya AVR mpya.