Miaka sita haijakufanya mke: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kisumu. Uliniuliza kwa simu kama sheria inakuhesabu mke baada ya kuishi miaka sita na baba ya mtoto wako hapo Nakuru bila harusi, na kama ploti mnayotaka kununua Kiamunyi itakuwa yenu wote. Nimeona nikuandikie, maana haya ni mambo ya kusoma taratibu.

Sheria haikuhesabu mke. Watu husema ukifikisha miezi sita, wengine miaka miwili, umeshakuwa mke. Hakuna sheria ya namna hiyo Kenya. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote husajiliwa. Njoo tuishi, yaani kuishi pamoja bila harusi, haimo. Si kosa la jinai, hakuna atakayekushtaki, lakini si ndoa. Hata ile hati ya kiapo mliyoapa kwa wakili ili uingie kwenye bima yake haifungi ndoa.

Mahakama zimekuwa zikiweza kudhania ndoa, yaani kuwachukua watu kama mume na mke bila cheti, wakiishi pamoja muda mrefu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo iko karibu kufa, na itumike kwa nadra sana. Anayedai ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba waliishi pamoja muda mrefu, kila mmoja alikuwa huru kuoa au kuolewa, wote wawili walikusudia na kukubali kuwa mume na mke, na walijitambulisha hivyo mbele za watu. Katika kesi hiyo wawili walianza kuishi pamoja 1986, lakini mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine, kwa hiyo dhana ikaanguka. Mali waligawiwa asilimia 70 kwa 30 kwa sababu kila mmoja alionekana kuichangia. Basi hakikisha mwenzako hana mke wa ndoa ya kanisani au ya kiserikali mahali popote. Akiwa naye, hawezi kukuoa kihalali, na akifunga ndoa ya pili anaweza kufungwa miaka 5.

Kuhusu mtoto, tulia. Katiba, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza hilo. Baba yake akifariki, mtoto ni mrithi. Wewe siye. Na akikupiga au kukutishia, Mungu aepushe, Sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani inakulinda hata bila cheti. Unaomba amri ya ulinzi mahakamani.

Jamii nayo ina hesabu yake. Majirani wanakuita mama fulani, mama yake anakutumia omena, na kwenye harambee unatajwa kama mke wa nyumba. Msiba ukitokea, wazee wanauliza ng'ombe. Kwetu Waluo, ayie, ile pesa ya mahari anayopewa mama wa binti, isipofika, hujatolewa kwetu. Ukifa hivyo, watu wetu wanaweza kudai mahari kabla ya mazishi, au urudishwe uzikwe nje ya boma. Akifa yeye, hakuna atakayekuuliza azikwe wapi. Na usidhani cheti humaliza kila kitu: mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua wakili S.M. Otieno azikwe Nyalgunga, Siaya, kama ukoo ulivyotaka, ingawa mjane wake Wambui alikuwa na ndoa ya cheti. Ikiwa wenye cheti walishindwa, asiye nacho ataanzia wapi? Hilo linaniumiza nikikufikiria.

Sasa ploti, na hapa usikubali haraka. Kwanza fanyeni sachi ofisi ya ardhi mjue mwenyewe ni nani na kama ina deni. Majina yenu mawili yawe kwenye makubaliano ya kununua tangu mwanzo. Watu wengi hungoja hati miliki, wakati huo jina moja limeshapita. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hairuhusu wasiooana kusajiliwa kwa ule umiliki ambao mmoja akifa mwingine anachukua yote, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Mtasajiliwa kwa hisa, na msipoandika hisa zenu, sheria itachukua kwamba ni nusu kwa nusu. Ukitoa zaidi, iandikwe. Na hisa yake akifa huenda kwa warithi wake, si kwako, mpaka awe ameandika wosia mbele ya mashahidi wawili. Wewe usiwe mmoja wao, maana utakachoachiwa kinaweza kupingwa. Kila shilingi itume kwa M-Pesa au benki. Pesa taslimu ni vigumu kuithibitisha.

Lakini kama mnapendana, kwa nini mhangaike na hisa? Mahari isiwatishe: sheria inasema kiasi kidogo tu cha kuonyesha kinatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Mkikamilisha mila, mpelekee msajili wa ndoa taarifa ndani ya miezi 3, na tamko lililotiwa sahihi na mashahidi wawili wazima walioshika nafasi muhimu kwenye shughuli ile. Kisha, kabla miezi 6 haijapita tangu ndoa, mfike nyote wawili mchukue cheti. Wanaokwama ni wale wanaokula nyama, wakacheza, wakasahau ofisi. Kumbuka pia ndoa ya kimila huhesabiwa kuwa inaweza kuwa na mke wa pili. Kama hutaki hilo, chagueni ya kiserikali au ya kanisani. Ya kiserikali taarifa hukaa siku 21 kabla ya siku yenyewe.

Ongea naye wiki hii, kwa utulivu, mtoto akiwa amelala. Na yale makubaliano ya Kiamunyi, nitumie picha kabla hujatia sahihi.

Mamako